Usiwaambie "Yesu anakuja" kwa sauti ile tuliyoambiwa sisi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo mama, na wajukuu zangu hawajambo? Sisi wazima, baba yako anakusalimia sana. Meseji yako nimeisoma mara tatu nikaona kwa simu haitatosha maana jambo lenyewe linanigusa, umepewa darasa la Sande skuli na unaniuliza "mama, Majilio, hizi wiki za kuingojea Krismasi, nawaelezaje watoto wa miaka minne mitano ambao hata kesho hawajui ni lini", basi kaa nikwambie ninayoyajua.

Kwanza mtoto kungoja anajua kuliko sisi. Ulikuwa na miaka mitano baba yako aliposafiri karibu mwezi mzima, siku ya kurudi ukavaa viatu tangu asubuhi, cha kulia mguu wa kushoto, ukakataa nisikubadilishie, ukaenda kukaa mlangoni. Nikakwambia baba anafika jioni, ukasema najua. Kila ukisikia gari unainuka, likipita unakaa tena, na ukikaa unanigeukia unacheka, yaani hata gari ambalo siyo lilikuwa linakuongezea furaha, sijui kwa nini, nadhani kwako lilimaanisha tu kwamba magari yanafika kwa hiyo na la baba litafika. Hiyo ndo Majilio mwanangu. Neno lenyewe linatokana na kuja, na Kilatini wanaita adventus ambayo nayo ni kuja, na anayekuja ni mtu tunayempenda. Waanzie hapo hapo, waulize nani amewahi kumngoja mtu mlangoni, utaona mikono itakavyoinuka.

Sasa kuna kitu nakuomba, na nakuomba kweli. Usiwaambie hao watoto "Yesu anakuja" kwa sauti ile tuliyoambiwa sisi. Sisi tuliambiwa kama mtoto anavyotishiwa polisi, ukidokoa sukari Yesu anakuja, ukilala bila kusali atakukuta hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka saba naogopa usiku, radi ikipiga najifunika shuka uso mzima nasema bado, bado, usije leo. Mtoto anamwomba Mwokozi wake asije! Wakati Wakristo wa kwanza walikuwa na neno lao la Kiaramu, maranatha, Bwana wetu njoo, Paulo kaliacha vile vile mwishoni mwa 1 Wakorintho japo barua yenyewe kaandika kwa Kigiriki, na Ufunuo unaelekea kufunga Biblia nzima kwa kuomba Bwana Yesu aje. Mimi kutoka kwenye ile "bado" yangu mpaka nifike kwenye "njoo" nilikuwa mtu mzima nina watoto, na sitaki wajukuu zangu wapite njia hiyo.

Najua utasema mama mbona kukesha kumeandikwa na hukumu ipo. Ipo, sikatai, na wakikua watafundishwa. Lakini soma Luka 12 kuanzia mstari wa 35, watumwa wanakesha taa zinawaka, halafu bwana wao akifika anafanyaje? Anajifunga yeye, anawaketisha, anawahudumia. Bwana ndo anahudumia watumwa! Mtoto hilo analielewa haraka kuliko wewe na mimi, mtu mkubwa karudi usiku halafu yeye ndo anawapakulia waliomngoja.

Hadithi ya kuwapa, watu wengi wanakimbilia malaika na wachungaji wa kondoo, hao waache wana siku yao. Wape kwanza Elisabeti, mama yake Yohana Mbatizaji, alipotembelewa na Mariamu mwenye mimba ya Yesu, maana kule Luka 1 wa kwanza kabisa kuruka kwa shangwe ni Yohana ambaye hata kuzaliwa bado, yuko tumboni kwa mama yake, kwa hiyo hakuna mtoto wa darasani kwako aliye mdogo mno kwa jambo hili. Halafu wape wale wazee wawili wa Luka 2. Simeoni ameahidiwa hatakufa kabla hajamwona Kristo wa Bwana, na Ana ni mjane wa miaka 84 ambaye hekaluni habanduki. Usiwaeleze sana, igizeni. Mtoto mmoja awe Simeoni, mpe mwanasesere aliyefungwa kanga ampokee mikononi, halafu nyamaza kidogo. Nilifanya hivi na nyinyi mlipokuwa wadogo, kaka yako alimpokea yule mwanasesere akaanza kunong'ona kabisa, nikamuuliza kwa nini unanong'ona, akasema "nimemngoja sana nisimwamshe". Mpaka leo nikifika kwenye ile sura nasikia sauti yake.

Mishumaa ya Majilio nayo washa, hata nyumbani. Nilifurahi kujua chanzo chake ni maswali ya watoto tu, mwaka 1839 kule Hamburg, Ujerumani, mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini na kila siku wanamuuliza Krismasi lini, Krismasi lini, akachukua gurudumu akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, kila siku unawashwa mmoja. Hakuwaambia nyamazeni. Siku hizi tumebaki na ile minne, na Jumapili ya tatu makanisa mengi wanawasha wa pinki, ndiyo ile ya Wafilipi 4:4, furahini katika Bwana siku zote, na Paulo aliyasema akiwa kifungoni. Zima taa kabla hujawasha, mtoto aone giza kwanza. Na ikifika Jumapili ya nne waambie waiangalie ile mishumaa bila wewe kusema kitu, maana wa kwanza umeshawaka wiki zote umebaki mfupi, wa pili umeuzidi kidogo, wa tatu hivyo hivyo, wa nne mrefu mpya, imekaa kama ngazi. Wewe ndo uliyeniambia wa kwanza ni mfupi kwa sababu ndo umengoja zaidi. Mimi nilikuwa naona nta tu.

Kuna kosa nililifanya nisingependa ulirudie. Mwaka ule nilipokununulia yule mwanasesere wa nywele ndefu nilishindwa kuvumilia nikakupa wiki mbili kabla, ulifurahi siku ile, lakini asubuhi ya Krismasi ukaja kitandani ukaniuliza "na leo kuna nini?" na sikuwa na jibu, iliniuma sana. Nilidhani nimekuongezea furaha kumbe nimekunyang'anya wiki mbili za kungoja ambazo nazo zilikuwa zako. Ndo maana wakikwambia mwalimu tuimbe za Krismasi leo, waambie kwa upole bado siku kadhaa, wahesabu pamoja na wewe, na we mwenyewe uhesabu kwa hamu ya kweli, maana watakutazama usoni kabla hawajakusikiliza.

Zile sanamu zetu za hori nimezipanga kwenye boksi nitamkabidhi kaka yako akija huko. Ng'ombe pembe moja imekatika, ni zamani hiyo, usiigundishe. Hori lipange Jumapili ya kwanza likiwa tupu, watoto waweke majani kidogo kidogo kila siku. Mtoto Yesu nimemfunga peke yake kwenye kitambaa cheupe chini kabisa, usimtoe mpaka usiku wa tarehe 24, wakikuuliza yuko wapi waambie yuko njiani anakuja.

Wabusu watoto.

Mama yako