Keane hakuwa mjeuri, alidai mipira na uwanja

Mhariri, naomba nafasi kidogo manake Jumapili jioni pale Kondele tunapotazamia mpira tulibishana mpaka mwenye kibanda akazima tivi, na mimi hiyo maneno imenikaa rohoni. Kijana mmoja alisema Roy Keane, yule kapteni wa zamani wa Manchester United na Ireland, ni mtu wa kelele tu, ati ukocha ulimshinda na hata timu ya taifa aliitoroka 2002, na wengi wakamuunga mkono.

Kutoroka? Huyu ni mtu alionyeshwa kadi ya njano kule Turin 1999 nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na Juventus, akajua hapo hapo kadi zimejaa na fainali hatacheza, na bado akakimbia dakika zote. United walikuwa nyuma 2-0, yeye ndiye alianza kurudisha na kichwa, mechi ikaisha 3-2. Mtu kama huyo haachi timu ovyo.

Ireland walienda kujiandaa Kombe la Dunia kwa kisiwa kinaitwa Saipan, Keane ndiye kapteni, anafika anapata uwanja wa mazoezi umekauka kama barabara, mipira na vifaa bado havijafika, na hii si mechi ya mtaa, ni Kombe la Dunia. Akasema. Alisema mpaka kwa gazeti, kocha Mick McCarthy akamuuliza mbele ya timu nzima, hapo Keane akamtusi vibaya sana na akarudishwa nyumbani kabla mashindano kuanza. Matusi sitetei, mkubwa wako humtukani hivyo. Lakini hayo mengine alidanganya wapi? Shirikisho lao lenyewe liliagiza uchunguzi baadaye na ripoti ikasema maandalizi yalikuwa na kasoro.

Inaniuma kwa sababu nimeiona hapa kwetu. Mwaka juzi nilipeleka vijana mashindano fulani upande wa Kakamega, tumefika saa mbili asubuhi, uwanja umejaa mawe, mpira ni mmoja na hauna upepo, maji ya kunywa hakuna. Kapteni wangu, namba sita safi sana, akauliza waandalizi kwa heshima, wazee wangu, mpira mwingine uko wapi? Akaitwa mjeuri, na walipochagua wachezaji wa kuendelea mbele jina lake likarukwa. Mimi mwalimu wake nilinyamaza ili timu isifukuzwe, na mpaka leo najilaumu. Siku hizi anaendesha boda na mpira ameacha kabisa.

Sasa huo ukocha. Sunderland, klabu ya Uingereza, walianza msimu wa 2006 kwa kupoteza mechi nne mfululizo kwa ligi ya daraja la pili, ndio Keane akaitwa, na aliyemuita ni mwenyekiti Niall Quinn, mchezaji mwenzake ambaye walikosana juu ya hiyo hiyo Saipan. Wakaweka kando. Mei 2007 wakawa mabingwa wakarudi Ligi Kuu. Machi hiyo wachezaji watatu walichelewa basi la kwenda Barnsley, Keane akasema basi liondoke bila wao, na Sunderland wakashinda 2-0. Kweli aliondoka Desemba 2008, na Ipswich, klabu nyingine aliyofundisha, walimfuta Januari 2011, hiyo sibishi. Lakini kuokota timu iko chini namna hiyo na kuipandisha msimu huo huo, msiniambie ni kelele.

Kwa hivyo naomba wanaoandaa mashindano ya vijana huku Kisumu na Kakamega, kijana akiuliza mpira mjibuni mpira uko wapi, msiandike jina lake pembeni.

Yule kapteni wangu nilimfuata kwa stendi yao jana nikamuomba msamaha na nikamwambia namba sita bado ni yake. Hajanijibu. Jumamosi gari yetu inatoka Manyatta saa nne kamili, na yeye nimemwekea kiti.

Mwalimu wa mpira wa vijana,
Manyatta, Kisumu