Chukua likizo yako, somo

Lushoto, Julai

Somo yangu mpendwa,

Pokea salamu za mama, ambaye kila jioni ananiuliza, "Na yule somo yako wa Tabora atakuja lini?" Mimi sijambo, na safari hii nikikwambia sijambo ni kweli.

Ujumbe wako ulinikuta bado niko Dar. Ulisema mwaka huu tena utaisogeza likizo maana wodi haina watu, na hata ukiichukua utapiga zamu kwenye zahanati ya mtaani upate ada ya watoto. Nilishindwa kukujibu, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi miaka 2 mfululizo. Pesa zilipatikana, sikatai. Lakini nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi wa tano, zamu ya usiku, vitanda vya leba vimejaa, binti mmoja wa uzazi wa kwanza akanishika mkono akasema, "Nesi, nakufa." Nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikamwambia, "Hufi, lalia ubavu," nikaenda kwa mwingine. Alijifungua salama. Asubuhi kwenye daladala nikawa nautazama ule mkono wangu. Wewe unanijua, mimi nilikuwa naimba na kina mama leba. Wiki hiyo hiyo nikajaza fomu ya likizo.

Basi tulipanda alfajiri pale stendi ya Magufuli, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, gari likaacha barabara kuu na kuanza kupanda milima. Tulipofika Soni baridi ilinipiga usoni pamoja na harufu ya mikaratusi, nikajifunga kitenge hadi shingoni.

Usidhani raha ilianza pale pale. Siku za kwanza nilikuwa nashtuka saa 10 usiku kana kwamba kuna mtu ananiita, kisha mchana mzima nalala kama gogo. Nikiamka natafuta kazi: nifagie ua, nipange vyombo. Mama akaninyang'anya ufagio. Kundi la wodi nilikuwa nimelizima tangu Dar, baada ya kumkabidhi anayenishikia zamu kila kitu, lakini mkono uliendelea kuitafuta simu.

Siku ya sita jirani aliniomba nikamsaidie mwanawe kuogesha kichanga cha wiki 3. Somo, nimepokea watoto mamia, na wote niliwashika jicho likiwa ukutani kwenye saa: kazaliwa saa ngapi, kitovu, mizani, mfunike, mpe mama yake, anayefuata. Huyu hakuwa na anayefuata. Nikayapima maji kwa kiwiko, nikamlaza kichwa chake kwenye kiganja. Maji yalipomgusa akakunja uso alie, kisha akaghairi, ngumi yake ikafunguka taratibu juu ya mkono wangu. Nikamkausha, nikamviringisha kwa khanga na blanketi, nikakaa naye karibu na jiko mpaka akalala. Nilikuwa naimba bila kujijua, ni yule binti wa jirani aliyeniambia.

Ndiyo maana nakuandikia leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa ndani yake, kwa hiyo usiipange Pasaka. Usikubali kuikatakata siku 3 hapa, 4 pale. Vipande vinaishia kwenye foleni ya benki na misiba. Mimi siku 6 zilipita kabla mwili haujaamini kwamba hauitwi. Ningechukua 5 tu, ningerudi nikiwa nimelala usingizi, basi, na binti mwingine angeshika mkono ule ule.

Ada najua inauma, na siwezi kukwambia uache kutafuta. Ila wiki 2 za kwanza ziache tupu kabisa, hata kwa siri usiende zahanati. Wiki 2 za mwisho, kama huna jinsi, piga hizo zamu. Na kuhusu wodi kukosa watu: ilikuwa haina watu kabla hujafika, na kila mwaka unaoahirisha inakosa na wewe pia, ingawa jina lako limo kwenye ratiba.

Jumapili nashuka Dar, Jumatatu naingia zamu ya asubuhi. Nakumbuka kitanda cha yule binti. Yeye simpati tena, lakini atakayekuwa pale nataka kumsalimia kwanza kabla sijafungua faili lake.

Nenda kwa metroni wiki hii, kisha uniandikie tarehe aliyokupa. Ikiwa Januari, plamsi zitakuwa zimeiva na chumba kile cha nyuma ni chako. Lete sweta nzito. Mama anaomba asali ya Tabora, lita 1 inatosha.

Ni mimi,
Somo yako