Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kusoma historia chuo cha Kikristo

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera tena. Tangu uliponipigia simu kusema umekubaliwa chuoni, furaha yangu haijapungua. Lakini kuna swali uliniuliza siku ile, ukalirudia mara mbili: "Sasa nikikuta kanisa lilifanya maovu, niandike nini kwenye mtihani?" Nikakwambia tutaongea. Sikuwa na jibu la kukutosha palepale, na swali lenyewe halijaniacha tangu siku hiyo. Nalijibu hapa hadharani kwa sababu najua wako wengi wanaoingia vyuo vya namna hiyo wakilibeba kimyakimya.

Andika kilichotokea. Hilo ndilo jibu langu, na nitakueleza nililipataje.

Mwaka wa pili niliandika insha juu ya kituo kimoja cha misheni. Niliwasifu wamisionari tangu mstari wa kwanza, nikahitimisha kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewafungulia milango. Niliamini kabisa kwamba nimemtukuza Mungu. Mhadhiri wangu alikuwa mtu wa sala. Kila kipindi alikifungua kwa maombi, na maombi yake hayakuwa ya mazoea. Insha ilirudi ikiwa na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Haya ni mahubiri. Wenyeji wako wapi?"

Nilikwenda ofisini kwake nikiwa nimeumia. Hakubishana nami. Alichukua ufunguo, tukapita nyuma ya maktaba hadi chumba cha nyaraka, akaniwekea mezani daftari la ubatizo la kituo kilekile. Jalada la ngozi lilikuwa limepasuka mgongoni, na wino umegeuka kahawia. Kurasa zilikuwa zimepigwa safu kwa mkono: namba, tarehe, jina jipya, jina la kwanza, wazazi, wadhamini, aliyebatiza. Akaniambia, "Soma safu, usisome majina tu," akaondoka.

Nilikaa na daftari lile wiki tatu. Kwenye safu ya wazazi, mstari baada ya mstari, palikuwa na kistari kifupi tu. Watoto wa nani hawa? Walifikaje pale bila mama wala baba? Nilikuwa nimesoma ripoti zote za misheni na sikuwahi kujiuliza. Halafu nikaona jambo jingine. Safu ya wadhamini ilikuwa na jina la mwanamke mmoja, mwenyeji, likijirudia ukurasa hadi ukurasa, miaka na miaka. Wamisionari walikuja wakaondoka, waliobatiza wakabadilika, yeye akabaki palepale akisimama na watoto wasio na wazazi. Ripoti hazikumtaja hata mara moja. Insha yangu pia haikumtaja. Nilikuwa nimeandika historia ya mahali pale bila mtu aliyepashikilia.

Siku hiyo ndipo nilipoielewa amri tuliyokariri tangu utotoni: usimshuhudie jirani yako uongo. Marehemu naye ni jirani. Tena ni jirani asiyeweza kusimama kujitetea wala kukusahihisha. Ukimpamba, umemshuhudia uongo. Ukimchafua, umefanya vilevile. Na ukimwacha nje ya habari yake mwenyewe, sijui kama kuna uongo mkubwa kuliko huo.

Utakutana mapema na barua ya Pliny, aliyekuwa gavana wa Bithynia na Ponto, jimbo la Roma, kwenda kwa mfalme wake Trajan, ya mwaka 112 hivi. Wahadhiri wa historia ya kanisa huipenda, na wana haki: ni mmoja wa ushahidi wa zamani kabisa kutoka kwa mtu asiye Mkristo kuhusu ibada yetu. Anasema walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama mungu. Darasani kwetu tulishangilia hapo, na wengi wakaishia hapo. Endelea mistari michache. Pliny anaeleza kwamba, ili ahakikishe, aliwatesa wanawake wawili watumwa ambao Wakristo waliwaita wahudumu. Hakuandika majina yao. Usiitumie barua hiyo kwenye insha bila kuwataja wale wawili. Nakuomba sana.

Utasikia watu wakisema kwamba kuchunguza nyaraka za kanisa kwa ukali ni kazi ya maadui wa imani. Msome Lorenzo Valla, msomi wa Italia. Kwa karne nyingi ilikuwepo hati iliyodai kwamba mfalme Konstantino alimkabidhi Papa Silvesta mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 Valla aliishika ile hati akaanza kuuliza maswali ambayo wewe utafundishwa mwaka wa kwanza. Kilatini hiki ni cha karne gani? Kwa nini kuna maliwali wanaoitwa kwa cheo cha Kiajemi ndani ya Roma ya Konstantino? Mbona Konstantinopoli unatajwa kama kiti cha patriarki, yaani askofu mkuu, wakati mji wenyewe ulikuwa bado haujawa na jina hilo? Hati ilikuwa ya kughushi, iliyotungwa karne nyingi baada ya Konstantino. Miaka michache baadaye Valla huyohuyo akaajiriwa kuwa mwandishi katika ofisi ya Papa. Kanisa halikuanguka kwa kupoteza karatasi ya uongo.

Kuna jambo moja ambalo litakuuma zaidi ya yote, bora ulisikie kwangu kwanza. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia iliyopunguzwa, kwa ajili ya watumwa weusi wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Sehemu kubwa mno ya Agano la Kale haimo. Waisraeli hawatoki Misri. Musa hasimami mbele ya Farao. Katika Wagalatia, maneno ya "hapana mtumwa wala huru" yameondolewa. Katika Waefeso, maneno ya kuwaambia watumwa wawatii mabwana zao yamebakizwa. Nakala chache mno zimebaki duniani, na mojawapo inatunzwa Chuo Kikuu cha Fisk, Marekani, chuo kilichoanzishwa 1866 na wamisionari kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Tafakari hilo: watu waliotoka utumwani ndio wakawa watunzaji wa ushahidi. Niliposoma habari hii nilifunga kitabu nikatoka nje. Sikwenda ibada ya jioni. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji wa chuo nikamwambia nina hasira, naye hakunihubiria, alikaa nami. Ukifika hapo, na utafika, tafuta mtu wa kukaa nawe. Hiyo ndiyo faida ya chuo cha namna hiyo ambayo haiandikwi kwenye fomu za kujiunga.

Ila jihadhari na upande wa pili pia. Niliwaona wenzangu ambao, baada ya kugundua dhambi za kale, waliacha kusoma. Kila mmisionari akawa mwizi, kila padri wakala wa mkoloni, na insha zao zikawa mahubiri kama yangu, yamegeuzwa tu upande. Wanadamu hawako hivyo. Bartolomé de las Casas, padri Mhispania, aliwatetea wenyeji wa Amerika karibu nusu karne. Mwaka 1514 aliachilia wenyeji aliokuwa amepewa kumtumikia, na mwaka 1550 alisimama mjini Valladolid, Hispania, kuwatetea mbele ya wasomi. Mtu huyohuyo alipata kupendekeza waletwe watumwa Waafrika ili wenyeji wapumzike. Baadaye alijutia, akaandika majuto yake kwa mkono wake mwenyewe. Ukiandika juu yake, andika yote matatu: utetezi, pendekezo, majuto. Ukikata moja, huyo si Las Casas tena.

Na Mungu je, umwandike wapi? Hapa nitasema ninavyoamini, wengine watatofautiana nami. Usimweke haraka mahali ambapo hujamaliza kuuliza. Eusebio wa Kaisaria, askofu aliyeandika historia ya kanisa, alimwona Konstantino akishinda, akaandika kana kwamba ahadi za manabii zinatimia machoni pake. Mwaka 410 Wagothi, wakiongozwa na mfalme wao Alaric, waliuteka mji wa Roma, na watu wakauliza Mungu wa Wakristo yuko wapi. Askofu Augustino alitumia zaidi ya miaka 10 kuandika jibu lake, na ndani yake alikataa kuufunga mji wa Mungu kwenye mji wowote wa duniani, hata ule uliokuwa na mfalme Mkristo. Mimi niko na Augustino. Naamini Mungu anafanya kazi katika historia. Siamini kwamba nimepewa kalamu ya kusema ni ushindi upi wa nani ulikuwa kazi yake.

Biblia yenyewe haikuogopa kazi hii. Luka anasema wazi kwamba alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo kabla ya kuandika. Samweli wa Pili anaeleza Daudi alivyomchukua mke wa Uria na kumuua mumewe. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 20, anapita habari hiyo bila kuigusa. Vitabu vyote viwili viliachwa ndani. Keti navyo ubavu kwa ubavu kabla hujaondoka nyumbani, hilo ndilo zoezi bora la kujiandaa ninalolijua.

Kuhusu kazi, wajomba watakuuliza utafanya nini na historia. Waambie utajua kusoma hati na kugundua kilichofichwa ndani yake. Penye mikataba, kesi, magazeti au shule, ujuzi huo una nafasi.

Insha yangu niliiandika upya, nikamweka yule mwanamke ukurasa wa kwanza. Nakutumia nakala pamoja na daftari langu la mwaka ule. Wino mwekundu wa mhadhiri bado unaonekana. Ukishapata chumba na ratiba, niandikie. Niambie hati ya kwanza mliyopewa kusoma ni ipi, na ni nani aliyekuwepo siku hiyo ambaye hakuandikwa jina.

Dada yako akupendaye.