Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambao salamu zote hizo zimewapita, hamjambo.

Hesabu za chama zimo kwenye taarifa ya Mhazini na kazi za matawi zimo katika makabrasha mliyopewa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Muda wangu nitautumia kwa jambo moja lililotawala vikao vya kamati mwaka mzima. Sisi maofisa wa ujumuishi na mafunzo, ambao kazi yetu ni kuwatafutia wengine nafasi makazini, na kuhakikisha aliyeipata anaendelea kujifunza, tunajijengeaje ajira ya kudumu wenyewe?

Swali hilo lilituangukia Januari. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kufuta programu za utofauti, usawa na ujumuishi, yaani za kuwapa watu wa makundi yote nafasi kazini, katika serikali kuu ya Marekani, na siku hiyohiyo akasimamisha misaada kwa nchi za nje ili ipitiwe upya. Kesho yake akaifuta amri ya Rais Lyndon Johnson ya mwaka 1965, iliyokuwa ikiwataka wakandarasi wa serikali ya nchi hiyo wachukue hatua za makusudi dhidi ya ubaguzi katika ajira. Amri ya Washington haina nguvu ya sheria hapa Tanzania, si Kinondoni wala Njiro. Barua za kusitisha kazi zilifika vilevile. Wenzetu waliokuwa maofisa wa jinsia na ujumuishi katika miradi ya afya, kilimo na elimu walipokea maelekezo ya kusimama, kisha ya kufunga, na ilipofika Julai mosi USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imeacha kabisa kusimamia misaada ya nje. Katika baadhi ya kampuni za kimataifa zenye ofisi hapa nchini hakuna aliyeandikiwa barua. Vyeo tu vilibadilika kimyakimya, na bajeti ya mafunzo ikapungua bila maelezo.

Kamati iliitisha kikao cha dharura Februari. Tulisaidiana kuandika upya wasifu wa kazi, tukawaunganisha wenzetu na waajiri tunaowafahamu, na wanachama kadhaa walijitolea kuwapokea wengine ofisini kwao kwa kazi za muda. Wapo waliopata ajira mpya, wapo wanaotafuta mpaka leo, na baadhi yao mmekaa nao humu ukumbini. Sina takwimu za kuwapamba nazo.

Tulichojifunza katika kikao kile ndicho ninachotaka kiingie kwenye kumbukumbu. Waliobaki kazini hawakuwa hodari kuliko walioondoka. Tofauti ilikuwa mshahara wao unatoka kasma gani, yaani fungu gani la bajeti, na kazi yao imefungwa kwenye wajibu upi wa mwajiri. Aliyekuwa akiandaa mafunzo elekezi ya wafanyakazi wapya, akikaa kwenye kamati ya usalama na afya na kutunza kumbukumbu ambazo mkaguzi wa kazi anaweza kuziomba, huyo hakuguswa. Aliyekuwa ameajiriwa na andiko la mradi aliondoka siku andiko lilipofungwa.

Nasema haya bila kuidharau miradi. Wengi wetu, mimi nikiwamo, tulifunzwa nayo. Lakini kijana anayeingia leo katika fani hii akiniuliza aegemee wapi, nitamwonyesha sheria zetu kabla ya kumwonyesha mfadhili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, haiishii kukataza ubaguzi. Inamtaka kila mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi, na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa ni ndefu: kabila na mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na mengineyo. Mfanyakazi akionyesha kwa dalili za awali kwamba amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unamwangukia mwajiri. Ukienda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila karatasi, mzigo huo ni mzito. Ongezeni hapo Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, ambazo mawakili wa waajiri wanazijua na maofisa wengi wa rasilimali watu hawajazifungua. Wenzetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2005, na tawi la huko limeomba mafunzo yake lenyewe. Wamesema kweli, kwa sababu mada zetu zote za mwaka huu zilikuwa za Bara.

Mpango huo wa kifungu cha 7 ni kazi ya mtu. Lazima awepo mtu wa kuuandika, kuwafundisha wasimamizi, kuutekeleza na kuuhuisha. Katika warsha yetu ya Novemba wanachama walileta mipango ya waajiri wao ikiwa imefutwa majina. Mingi ilikuwa kurasa za maneno mazuri yasiyo na tarehe, mhusika wala fungu. Mmoja ulikuwa umenakiliwa kutoka benki ya nchi nyingine, na ndani yake jina la sheria ya huko halikuondolewa.

Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 ya wafanyakazi wake wawe watu wenye ulemavu. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6, na kila tukifundisha kifungu hiki hakosekani bwana mkubwa wa kuuliza kwa kejeli sehemu ya mtu inaajiriwaje. Namjibu aanze na mtu mzima mmoja. Mwenye wafanyakazi 200 anatakiwa awe na sita, na hapo kejeli huisha.

Kuajiri ni mlango tu. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo fani yetu inapopata uzito wake.

Mwezi Aprili kikundi chetu cha mafunzo kilitembelea kiwanda kimoja cha kushona nguo ambacho sitakitaja. Kilikuwa kimeajiri mafundi cherehani viziwi, na uongozi ulijivunia jambo hilo kwa haki. Mkalimani wa lugha ya alama aliletwa siku ya kwanza, ya mafunzo elekezi, kisha akaaga. Kuanzia siku ya pili msimamizi wa zamu alikuwa akitangaza mabadiliko ya mshono kwa mdomo katika kikao cha asubuhi, huku mashine zikinguruma. Viziwi walishona mtindo wa jana. Kazi yao ikarudishwa, malengo ya siku hayakufikiwa, na wengine wakaacha kuja. Kwenye faili iliandikwa utoro. King'ora cha moto kilikuwa cha sauti peke yake.

Mwanachama wetu, ofisa mafunzo wa kiwanda hicho, hakuanza na semina ya kubadili mitazamo. Alining'iniza sampuli ya nguo katika kila mstari wa uzalishaji pamoja na picha za hatua zake. Akamteua fundi kiziwi mmoja awafundishe wasimamizi alama za msingi za kazini, na akahakikisha saa hizo analipwa kama mkufunzi. Alipigania taa za kumweka pamoja na king'ora, akazipata. Taa hizo ziligharimu pungufu ya fulana zilizochapishwa kwa ajili ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Taarifa aliyoipeleka kwa menejimenti haikuwa na neno ujumuishi hata mara moja. Ilieleza nguo zinazorudishwa, watu wanaoacha kazi na gharama ya kumfundisha fundi mpya. Sasa mkalimani ana kifungu chake katika bajeti ya kiwanda.

Ningependa vijana waisome taarifa ile kuliko hotuba hii. Inatuonyesha tujifunze nini: kusoma orodha ya malipo ya mishahara, kukaa na wahasibu bila woga, kuijua Lugha ya Alama ya Tanzania walau kwa salamu na maelekezo, na kupima mafunzo kwa kile mtu anachoweza kufanya mwezi mmoja baadaye. Fomu ya kuuliza kama chai ilikuwa nzuri haipimi kitu. Na kwa kuwa nimegusa chai: wapo wanaotujua kwa posho tu. Semina ya siku mbili hotelini, mada sita, picha ya pamoja, na Jumatatu kila mtu anarudi alipokuwa. Mwajiri akitaka kupunguza matumizi ataanzia hapo, na sitamlaumu.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari analipa Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ambayo katika mwaka huu wa taarifa ilikuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Waajiri wanalalamika, lakini wachache wanauliza kuna fursa gani za kukuza ujuzi. Waulizieni waajiri wenu huko VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani, na Ofisi ya Waziri Mkuu kuhusu mafunzo ya uanagenzi, yaani ya kujifunza ufundi kwa vitendo kazini. Fundi bomba wa miaka mingi asiye na cheti ni suala la ujumuishi sawa na mengine yote, ingawa hakuna siku ya kimataifa inayomhusu.

Kwa upande wa wanawake kazini nitasema machache, maana Chama cha Waajiri kina programu yake ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi na baadhi yenu mmeipitia. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza likizo kwa mama aliyejifungua mtoto njiti. Kagueni miongozo ya waajiri wenu, mingi bado inasema siku 84 za likizo ya uzazi na kunyamaza. Saa mbili za kunyonyesha zimo kwenye sheria tangu 2004, na mahali pengi mama bado anaziomba kwa msimamizi kama fadhila.

Limebaki suala lililotugawa. Baadhi ya wanachama wanataka chama kianze kutoa cheti chake cha taaluma. Kamati imegawanyika, na mimi sikubaliani na wazo hilo kwa sasa. Tumeingia katika kazi hii kwa njia tofauti: rasilimali watu kutoka Chuo Kikuu Mzumbe, ustawi wa jamii, ualimu wa elimu maalumu, usalama na afya, na wakufunzi wazuri kadhaa waliotoka kwenye matawi ya vyama vya wafanyakazi ambako walikuwa wakitetea wenzao bila mshahara. Cheti cha kulipia kitaanza kwa kuwafungia nje hao wa mwisho. Napendekeza kwanza tuwe na utaratibu wa kila mwanachama mpya kukaa chini ya mkongwe kwa mwaka mmoja, na kazi ya mwisho iwe mpango wa kifungu cha 7 uliosajiliwa. Wenye mawazo tofauti watapewa nafasi mchana.

Mkutano unaombwa kuamua mambo matatu: utaratibu huo wa malezi ya kitaaluma, mafunzo ya tawi la Zanzibar, na marekebisho ya katiba yatakayotenga nafasi mbili katika kamati kwa wanachama wenye ulemavu. Kuhusu hilo la tatu, wakalimani wawili walio mbele yenu leo wamelipwa kutoka ada zenu. Kamati inaomba malipo yao yawe kifungu cha kudumu cha bajeti, na hoja hiyo ijadiliwe kabla ya nyingine zote, wakiwa bado hawajachoka.

Naomba kuwasilisha.