Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Njia na Miti ya Arabuko-Sokoke

Ndugu wanachama, salaam aleikum.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Langu mimi ni kazi ya msituni, na nianze na kosa letu: tulipanga kuchimba mitaro wakati wa kaskazi. Upande wa miti ya mifunda udongo ni mwekundu, na ifikapo Februari umekauka kama sakafu ya saruji. Sururu inaruka, mpini unavunjika, na kinachopatikana ni mkwaruzo, si mtaro. Mvua za Aprili zikija, maji yanaupita juu juu na kushuka na njia.

Kuanzia sasa tuchimbe mara tu baada ya vuli, udongo ukiwa bado na unyevu. Mtaro uvuke njia mshazari, kina cha sentimita 15 hivi, mdomo wake utokee upande wa bondeni. Kwenye mchanga mweupe wa miti ya mirihi hauhitajiki, maji huzama yenyewe. Huko tatizo ni kwamba mchanga ukilegea kwa jua watu hupita kando, na njia moja ikazaa ya pili. Lazeni matawi makavu pembezoni, mpitaji atarudi katikati.

Majani makavu yaondolewe panapokanyagwa tu. Wapo wanaopenda njia iliyofagiliwa kama uwanja wa harusi, lakini sengi mwenye kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hujenga kiota kwa majani hayohayo.

Tawi nene likatwe kwa msumeno, mikato mitatu: wa kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, wa pili kwa juu, mbele ya ule, tawi lianguke bila kuchuna gome, wa tatu umalizie kipande kilichobaki, nje ya uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapoungana na shina. Panga kwa vichaka huacha visiki vyenye ncha, na wengi wetu huingia na ndara, kwa hiyo kateni bapa, sawa na ardhi. Mti ulioangushwa na ndovu usiguswe kabla ya kuarifu Huduma ya Misitu.

Kwenye uchunguzi wa miti, fomu nyingi za mibambakofi ziliandikwa “umekufa”. Haikufa, ilipukutisha majani kwa ukame. Kwaruza kijiti kwa ukucha: kukiwa na ubichi wa kijani chini ya ganda, kijiti ki hai. Jaribu vijiti vitatu vya matawi tofauti, maana mti wenyewe unaweza kukausha tawi moja ukaendelea kuishi.

Mzingo upimwe mita 1.3 kutoka ardhini, palepale penye alama ya rangi, kisha ugawanywe kwa 3.14: mzingo wa sentimita 157 ni kipenyo cha 50. Futi ya fundi cherehani haifai, ikilowa jasho hunyooka. Tena shina husinyaa kidogo mchana na kutanuka usiku, kwa hiyo saa ya kupima isibadilike, na kipimo cha kaskazi kilinganishwe na cha kaskazi, si cha masika.

Zamu za Januari hadi Machi zitaanza saa kumi na mbili asubuhi, mwisho saa nne. Kila mtu aje na maji lita 3. Asiye na maji hatapewa msumeno.