Uyoga wa chini ya mialoni, usiule

Oakland, Januari

Mpendwa Asumpta,

Kwenye simu ulinicheka, ukauliza Mngoni gani anaogopa uyoga. Basi naandika, maana barua huwezi kuikatiza.

Huo uliouokota chini ya mialoni hapo Santa Rosa, wenye kofia ya kijani iliyochujuka kuelekea njano, kwa jinsi ulivyonieleza ni Amanita phalloides. Najua kwa nini uliutamani. Unafanana na ule mkubwa mweupe wa kwetu, unaochomoza kwenye miyombo mvua zikishakolea, nao una pete shingoni na kikombe chini ya shina. Ni ukoo mmoja. Wa kwetu, Amanita loosii, ni mboga. Huu wa huku ndio unaoongoza kwa kuua watu duniani kati ya uyoga wote. Hata msimu unakaribiana, kwani California nako mvua huanza Novemba hivi. Yaani macho yaliyofundishwa na bibi zetu Songea ndiyo yatakayokuponza.

Wenyewe ni mgeni kama sisi. Asili yake Ulaya, na inaaminika uliletwa na mizizi ya miti iliyokuja kupandwa; mwaka 1938 ulionekana kwenye bustani za hoteli ya Del Monte, Monterey. Kisha ukaizoea mialoni ya hapa. Nyuzi zake zilizo udongoni huvika ncha za mizizi, mti unaupa sukari, nao unaupa mti maji na madini, kama inavyofanyika kwenye miyombo. Ndiyo maana hata ukiung'oa leo, mwakani unaweza kuukuta palepale.

Waliopona wanasema ni mtamu, na hapo ndipo ninapoogopa. Unakula, unalala, saa nyingi zinapita, sita au hata zaidi ya kumi na mbili, ndipo unaanza kutapika na kuhara maji matupu. Baadaye unapata nafuu, unaomba uji, ndugu wanamshukuru Mungu, kumbe ini linaangamia. Sumu yake, amatoksini, huzuia seli zisitengeneze protini. Haiondoki kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha, na nusu kofia inaweza kumuua mtu mzima. Desemba 2016 watu 14 waliugua huku kaskazini mwa California. Watatu walibadilishiwa ini, na mtoto mmoja akabaki na madhara ya kudumu ya ubongo.

Lile la mama mkwe wako, la kupima sumu kwa kutia kitunguu saumu sufuriani uone kama kitabadilika rangi, achana nalo. Wala usiseme mbona konokono wanaula. Konokono si wewe.

Mtu akiula kwa bahati mbaya, msisubiri dalili. Pigeni 1-800-222-1222, kituo cha sumu cha hapa Marekani, wanapokea usiku na mchana.

Kama kweli unataka kuokota, Mycological Society of San Francisco, chama cha wapenda uyoga, hutoka na watu msituni. Nenda nao, wakuonyeshe kuchimba mpaka chini, kwa sababu kile kikombe hujificha udongoni na anayekata kwa kisu hukiacha hukohuko.

Ulio kwenye friji utupe leo, mahali ambapo mbwa hataufikia. Kuushika hakudhuru, nawa mikono tu. Jumamosi nakuja na uyoga wa dukani. Wewe songa ugali.

Wako,
Mama Gere