Kaburi, mfupa na rozari

Goma, Jumapili jioni

Ndugu Amani,

Jambo sana, na salamu kwa mama watoto. Uliomba la kuwaambia vijana wa shirika lenu pale Kadutu, Bukavu, juu ya mageuzi ya mwanadamu na imani. Habari za nyani ziache, zitakula saa nzima na watu watarudi nyumbani wamenuna. Ukibanwa, wakumbushe kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alikwisha kusema mwaka 1996 kuwa mageuzi si dhana tupu tena, kisha uendelee. Anza na kaburi.

Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, alizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Watafiti walimwita Mtoto, basi. Kijana atauliza: walijuaje kama alizikwa, hakufia tu humo? Udongo ndio ulisema. Ule wa ndani ya shimo haukufanana na ule wa pembeni, kwa hiyo shimo lilichimbwa, kisha likafukiwa. Mifupa mingi ilibaki imeshikana mahali pake. Mwili ulioachwa wazi, fisi wangeutawanya. Alilazwa kwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa kifuani. Halafu kichwa: kilikuwa kimelala jinsi kinavyolala kilichoegemea kitu laini, na kitu hicho kikaoza. Mto. Hapo nyamaza kidogo.

Ila usiteleze. Uchimbaji umetuonyesha mikono iliyoweka mto. Sala haukuionyesha, wala haukusema haikuwepo. Mhubiri anaruka kutoka kwenye mto hadi uzima wa milele, mwalimu wa chuo anajibu kuwa waliogopa harufu tu, na wote wawili wametia chumvi. Kinachosimama ni kwamba watu waliohangaikia chakula kila siku walitumia nguvu zao kwa mtu asiyeweza kuwalipa. Kwa mada yenu ya namna jamii ilivyokua, hilo linatosha.

Mfupa wa Ishango watautaja wenyewe, maana ni wa huku kwetu, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward. Mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin aliupata mwaka 1950; leo uko Brussels. Una urefu wa sentimita 10 hivi, umri kama miaka 20,000, na alama za kukwaruzwa safu tatu: 60, 60 na 48. Wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi. Pigeni hesabu ubaoni: jumla 168, gawanya kwa siku 29.5 za mwezi mwandamo, mnapata 5.7. Hiyo 60 inakaribia miezi miwili, lakini 48 haina pa kukaa.

Ndipo utoe rozari, waihesabu: shanga za Salamu Maria 53, za Baba Yetu 6, jumla 59. Miezi miwili ya mwandamo ni siku 59! Atakayeichimbua Kadutu miaka 20,000 ijayo, asiyejua Salamu Maria, ataandika kwamba watu wa Bukavu walikuwa wakihesabu mwezi, na hesabu yake itakuwa sawa kabisa.

Ihesabu kwanza wewe mwenyewe nyumbani. Rozari za zamani nyingi zimekatika zikafungwa tena, na shanga moja ikipungua mfano wote umekwisha.

Aksanti,
Bahati